Nguo za msaada: sanduku la hisani au mkononi mwa mhitaji?

Ukitumbukiza nguo kwenye sanduku la shirika la hisani, usidhani kesho yake kuna mtu ataivaa. Kwanza huchambuliwa. Zilizo nzuri hutundikwa kwenye duka la shirika na kuuzwa, na fedha hizo ndizo zinazoendesha kazi ya msaada. Zisizonunuliwa huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota na kusafirishwa nchi za mbali kuwa mitumba. Fulana za pamba zilizochakaa hukatwa matambara ya kufutia mashine. Sweta huchambuliwa zikawa nyuzi za kujazia magodoro. Na nguo moja tu iliyofungwa ikiwa mbichi huota ukungu, ikaharibu mfuko mzima, ukaishia jalalani. Hilo linaniuma, maana saa chache za jua zingetosha.

Ukimpa mhitaji moja kwa moja, au ukipeleka kwenye makao ya watu waliopoteza nyumba, safari ni fupi. Ila uliza kwanza. Makao mengi hayana ghala, na kinachokosekana mara nyingi ni soksi na nguo za ndani mpya, si gauni la sherehe.

Mimi koti zima, zipu yake ikipanda na kushuka bila kukwama, nalipeleka mkononi. Shati zuri ambalo simjui wa kumpa, sandukuni. Lililochanika siwabebeshi wengine kazi ya kulitupa, labda shirika liwe limesema wazi kwamba linapokea matambara.