TAHADHARI: muuzaji wa lenzi za zamani anayesema "inaingia Canon yoyote"

Wakuu, hasa nyie mnaopiga harusi na mmeanza kutafuta lenzi za zamani za kufokasi kwa mkono, kuna jamaa anauza Helios, Takumar na Canon FD (zote lenzi za enzi za kamera za filamu) mtandaoni, anasema yuko Kariakoo ila duka halionekani, ukimwambia unaenda mwenyewe mara yuko stoo, mara mzigo bado uko bandarini, mara tuma hela nikupakizie kwenye basi jioni hii hii. Jina la ukurasa siweki maana watu wakianza kulalamika analibadilisha, jueni mwenendo wake.

Dogo mmoja wa Morogoro aliagiza kwake Helios 44-2, akalipa laki mbili na nusu kwa simu. Kwenye picha alizotumiwa lenzi inang'aa, namba iliyochongwa mbele inaanza na 78, na lenzi nyingi za kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk, Urusi, tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka, yaani 1978. Iliyofika stendi ni toleo jingine, 44M-4, namba tofauti kabisa. Aliniletea nikaimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma, ndani fangasi imetanda kama utando wa buibui kuanzia ukingoni inakuja katikati, na bleidi za apecha (tundu la kupitishia mwanga) zimelowa mafuta. Kumpigia jamaa anasema eti hiyo ni vumbi tu haina shida. Sasa vumbi kidogo ndani ya lenzi ya miaka arobaini ni kawaida kweli na kwenye picha hulioni, ndo maana mtu mgeni anamwamini, lakini fangasi inakula koti la kioo, ule utando mwembamba uliopakwa juu yake, hata ukiifungua ukasafisha alama inaweza kubaki palepale, na kwa unyevu wa Dar, Tanga au Unguja ukiiacha kwenye begi inaendelea kukua.

Tena hiyo 44M-4 ina kipini kidogo nyuma. Usipoweka adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera) yenye ukingo wa kukikandamiza, apecha inabaki wazi kabisa kwenye f/2 hata uzungushe ringi uifunge mpaka f/16. Dogo kapiga picha ya ukoo mzima wa bibi harusi, mstari wa mbele wako vizuri, wa nyuma wote wamefifia, jamaa akamjibu kamera yako mbovu peleka kwa fundi. Kamera nzima! Adapta aliyompa ndo haina ukingo.

Kinachoniuma zaidi ni hili la "inaingia Canon yoyote". Kuna dada ana Canon DSLR ya kawaida, yaani kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani, kauziwa FD 50mm na adapta yake, inaingia kweli, inakaza vizuri, ila akitaka kupiga kitu cha mbali fokasi haifiki, mtu wa karibu anatoka vizuri, kanisa kwa nje ukungu mtupu. Sababu ni kwamba lenzi ya FD imetengenezwa ikae 42mm kutoka kwenye filamu na DSLR za Canon zinataka 44mm, adapta haiwezi kupunguza umbali, inaongeza tu. Zipo zenye kioo ndani zinazorudisha fokasi ya mbali, ila nyingi za bei chee zinaharibu ukali wa picha, na huyu jamaa hakumwambia lolote. Nikon DSLR nayo ni 46.5mm wakati lenzi za M42, yaani za kukaza kwa skrubu kama hizo Helios, zinataka 45.46mm, tatizo lilelile. Mwenye mirolesi, kamera isiyo na kioo hicho cha kuakisi, ndo yuko huru, Sony E ni 18mm, Fuji X 17.7, Canon RF 20, Nikon Z 16, nafasi ipo ya kutosha, adapta ya bomba tupu lisilo na kioo inatosha. (Kamera ikigoma kupiga usipaniki, ruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi, huo sio ubovu.)

Kwa hiyo yeyote akikuuzia mwambie akutumie video sio picha, amulike tochi ndani ya lenzi kutokea nyuma, azungushe apecha ufungaji uonekane, na namba ya lenzi isomeke kwenye video hiyohiyo pamoja na jina lako kwenye karatasi. Mwenye mzigo halali hii ni kazi ya dakika mbili. Huyu ukimwomba anakasirika, anasema wateja wako foleni, ukishalipa na kulalamika anakwambia bidhaa ikiuzwa hairudi halafu anakubloku.

Mliokwisha kulipa msifute meseji za muamala wala chati zenu, namba yake ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na mkafungue taarifa polisi. Andikeni hapa chini tarakimu tatu za mwisho za laini mliyolipia, nataka tujue kama ni ileile ili malalamiko yaende kwa pamoja.