Skana bapa ya USB kwa Sani za zamani na katuni nyingine: uzoefu wangu

Kwa anayetaka kuokoa katuni alizokua nazo, skana ndogo bapa ya A4, hii nyembamba inayovuta umeme wake wote kwenye waya wa USB, inatosha. Inatosha kwa sharti moja: uwe tayari kulifungua gazeti karatasi moja moja. Ukitaka kulilaza likiwa bado limefungwa kwa pini kama lilivyo, usiinunue.

Ninazungumzia vitu kama Sani, gazeti la katuni la Tanzania, zenye wahusika Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, vipande vya katuni ya Chakubanga wa Christian Gregory vilivyokatwa kwenye gazeti la Uhuru la Tanzania, Juha Kalulu wa Edward Gitau kutoka gazeti la Taifa Leo la Kenya, na vitabu vya katuni vya Pichadithi vya Terry Hirst vilivyotoka Nairobi miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya hazina hii imechapwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini (kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mbao), na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano huku asidi ikiila karatasi kutoka ndani. Ikishakuwa rangi ya chai, kona hukatika kwa kukunjwa tu. Huo ndio msingi wa haraka yangu, na ndiyo sababu nasema skani moja nzuri ni bora kuliko skani kumi za ovyo: kila ukilishika gazeti unalipunguzia maisha.

Tuanze na pini, maana hapo ndipo magazeti mengi hufia. Usivute pini kutoka mgongoni. Fungua ukurasa wa katikati, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu mpaka isimame wima, kisha sukuma kutokea ndani kwenda nje. Pini ikiwa na kutu imeng'ang'ania karatasi, ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu kabla ya kuinua, ili kisu kisiguse karatasi. Gazeti la kurasa 32 litakupa karatasi 8, na kila upande wa karatasi una kurasa mbili ambazo namba zake zikijumlishwa ni 33: 1 na 32, 2 na 31, 3 na 30. Kama jalada halikuhesabiwa, liweke pembeni, hesabu inabaki ileile kwa kurasa za ndani. Hesabu hii ndiyo itakayokuambia karatasi gani imepotea. Gazeti ulilouziwa na muuza vitabu vya mtumba mara nyingi limepoteza ile ya katikati kabisa, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuchomoka.

Kwa nini lazima kufungua? Skana hizi nyembamba hutumia kihisi aina ya CIS, yaani kinachopita karibu kabisa na kioo, ambacho fokasi yake inaishia karibu pale pale juu ya kioo. Karatasi ikiinuka milimita chache tu, mistari inafifia na maneno kwenye viputo yanakuwa ukungu. Kwenye gazeti lililofungwa, sehemu inayoinuka ni mkunjo wa katikati, na wachoraji wa enzi hizo walijaza ukurasa mpaka pembeni.

Gazeti la A4 likifunguliwa linakuwa A3, kwa hiyo nusu ya karatasi itaning'inia nje ya kioo. Ipeleke upande usio na bawaba za kifuniko, skani nusu moja, igeuze karatasi nyuzi 180, skani nyingine, kisha uizungushe picha kwenye kompyuta. Funika na uweke kitabu kimoja cha jalada gumu juu yake. Vizito zaidi vitakandamiza kioo bure. Kwa vipande vya Juha Kalulu au Chakubanga hakuna taabu, kipande kinaingia chote. Ukurasa mzima wa gazeti la kila siku hauingii, na hapo skana hii haina jibu zaidi ya kuskani vipande na kuviunga.

Kitu cha bei ndogo kilichobadilisha matokeo kuliko vyote ni manila nyeusi. Kifuniko cha skana kwa ndani ni cheupe, kinarudisha mwanga, na wino wa upande wa pili unaonekana kama kivuli nyuma ya mchoro. Weka manila nyeusi juu ya karatasi kabla ya kufunika na kivuli kile kinapungua sana. Picha itatoka nyeusi kidogo, hilo linarekebishika.

Mipangilio: 600 dpi (nukta kwa kila inchi), rangi, hata kwa kurasa zisizo na rangi. Zima marekebisho yote ya otomatiki: kukata kingo, kunoa, kung'arisha. Ukurasa mmoja wa A4 kwa 600 dpi ni pikseli 4960 kwa 7016, karibu MB 104 kabla ya kubanwa, dhidi ya MB 35 ukichagua kijivu. Nalipa gharama hiyo ya nafasi kwa sababu rangi inakupa silaha baadaye. Karatasi iliyogeuka njano hunyonya mwanga wa bluu na kurudisha mwekundu, kwa hiyo ukichukua chaneli nyekundu (sehemu ya picha yenye rangi hiyo tu) peke yake kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, unjano karibu wote unatoweka na wino unabaki. Lakini ukurasa ambao mtoto fulani aliuchorea masharubu kwa bic ya bluu unahitaji kinyume chake: chaneli ya bluu ndiyo inayofifisha kalamu ile. Ukiskani kwa kijivu, uchaguzi huo umeupoteza.

Majalada yenye rangi yana ugonjwa wao. Rangi imechapwa kwa vinukta, na vinukta hivyo vikikutana na gridi ya skana hutoa mawimbi juu ya nyuso na nguo. Skani kwa 600, tia ukungu kidogo kwenye kompyuta (kichujio cha Gaussian) wa pikseli 1 hadi 2, ndipo upunguze kuwa 300. Usifanye hivyo kwenye kurasa za mistari mitupu.

ScanTailor Advanced ni programu ya bure ya kusafisha skani na inanyoosha kurasa vizuri, ila badilisha hali ya kutoa picha iwe rangi au kijivu; ile ya nyeusi na nyeupe huua vivuli vyepesi vya brashi. Kagua pia hatua ya kuchagua maudhui, hupenda kukata namba ya ukurasa. Nakala ya kuhifadhi iwe TIFF au PNG, aina za faili zisizopoteza ubora. Ya kusomea iwe JPEG ya 300 dpi, faili zipewe majina 001, 002, 003 (bila sifuri za mbele programu nyingine huweka 10 kabla ya 2), zifungwe kwenye ZIP na mwisho wa jina la faili (.zip) ubadilishwe kuwa .cbz. Simu yenye programu ya kusomea katuni itaifungua kama kitabu.

Naomba sana: usiing'arishe picha ya gazeti mpaka iwe nyeupe kama karatasi ya fotokopi. Acha unjano kidogo. Na skani kila kitu: barua za wasomaji, marafiki wa kalamu, tangazo la sabuni, bei kwenye jalada. Mchoro unaweza kuchapwa upya siku moja. Kurasa zile nyingine hakuna atakayezirudia.

Hitilafu za kawaida ni mbili. Skana ikikwama katikati ya ukurasa, chomoa kwenye kigawanyio cha USB (hub) uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, umeme hautoshi. Mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini kwenye kila picha mara nyingi ni vumbi kwenye ukanda ambao kihisi hujipimia kabla ya kuanza. Futa kioo chote mpaka kingoni kwa kitambaa laini, na dawa ya kioo ipulizie kwenye kitambaa, si kwenye kioo.

Programu za simu zinafaa kwa kipande kimoja cha kumtumia ndugu. Kwa gazeti zima, mwanga haulingani na mistari ya karibu karibu huungana.

Baada ya kazi, shona karatasi kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale ya pini. Tumia mfuko wa polipropilini, si ule wa PVC unaonuka. Usibandike selotepu, usilaminishe. Na faili zibaki kwako na kwa familia. Haki ni za wachoraji, wachapishaji au warithi wao, kuziuza kwenye fleshi ni kuwaibia.

Mwenye magazeti yaliyojalidiwa kwa gundi, ambayo hayafunguki, atafute skana ya CCD, aina ya kihisi kinachotumia lenzi. Ni nene, nzito na ghali zaidi, lakini inaona mpaka ndani ya mkunjo.