Jiko la umeme: la tachi au la kuzungusha? Tumeyapanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho

Dukani kila jiko la umeme linapendeza. Kioo cheusi kinang'aa, namba nyekundu zinawaka, muuzaji anagusa mara moja na feni inavuma. Lakini dukani kidole ni kikavu na hakuna maharage yanayofurika. Nyumbani mkono umetoka kuosha mchicha, kioo kina mvuke, na uji umeshaanza kupanda.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Watu wengi sasa wananunua jiko la umeme kwa mara ya kwanza, na wengi wanauliza bei na wati tu. Ulizeni pia kuhusu vitufe, maana ndivyo mtakavyovishika kila siku. Mpangilio huu ni wa majiko ya sahani moja ya wati 2000 hivi, yawe ya indaksheni (yanayopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) au ya infraredi (yanayopasha kwa joto linalopita kwenye kioo).

1. Kifundo cha kuzungusha pamoja na namba za kuonyesha moto

Hili ndilo tunalolipendekeza kwa nyumba nyingi. Maziwa yakianza kupanda una sekunde chache tu, na kifundo kinashusha moto kutoka wati 2000 hadi 400 kwa mzungusho mmoja, mkono ukiwa na maji au unga, macho yakiwa kwenye sufuria.

Viko vya aina mbili. Kimoja kina mwanzo na mwisho, na kialama kinachoonyesha kilipo. Kingine kinazunguka bila kikomo, na kiwango cha moto kinasomwa kwenye namba. Tofauti yao hujulikana umeme unapokatika. Chenye kikomo kinabaki pale ulipokiacha, hivyo baadhi ya majiko huanza kuwaka tena umeme ukirudi, hata kama umeshatoka nyumbani. Jiko la kifundo kisicho na kikomo kwa kawaida hubaki limezimwa hadi uliwashe mwenyewe. Mtaa wenu ukikatikiwa mara kwa mara, chukua hili la pili. Ukiwa na lile la kwanza, zoea kurudisha kifundo kwenye sifuri mara tu giza linapoingia.

Kabla ya kulipa, omba kukivuta kifundo. Kizuri kinachomoka kwa vidole, na ndani yake utaona kijiti chenye upande mmoja bapa. Hicho unaweza kukiosha mafuta yakiganda nyuma yake, na kikivunjika fundi anakupachikia kingine.

2. Vitufe vya kubonyeza chini ya ngozi ya plastiki

Havipendezi kama kioo, ila vinafanya kazi na mkono wowote, na vinatoa "tik" unayoisikia kidoleni. Chini ya plastiki kuna vikuba vidogo vinavyobonyea na kurudi. Udhaifu wake ni mmoja: plastiki inapasuka juu ya kitufe kinachotumika zaidi, mara nyingi cha kuwashia au cha kuongezea moto, kisha maji ya kufutia yanaingia. Baada ya hapo kitufe kinakufa, au kinajibonyeza chenyewe. Bonyeza kwa nyama ya kidole. Kucha na ncha ya kisu ndizo zinazoipasua.

Dukani, bonyeza kila kitufe mara kumi. Vyote vitoe mlio na ukinzani unaofanana. Pitisha kidole kwenye kingo za plastiki. Ikiwa imeanza kuachia au ina mapovu ya hewa, acha.

3. Tachi yenye alama tofauti za kuongeza na kupunguza

Hili ndilo limejaa madukani, kwa hiyo tulieleze vizuri. Chini ya kioo kuna vihisio vinavyotambua badiliko dogo la umeme pale kidole kinapokaribia. Maji nayo yanaleta badiliko hilohilo, na mchuzi wenye chumvi ni mbaya zaidi kwa sababu unapitisha umeme vizuri. Supu ikifurika hadi kwenye alama, jiko linaona kama vidole vitano vimegusa kwa pamoja. Lililoundwa vizuri linalia na kujizima. Lililoundwa ovyo linapandisha moto lenyewe, au linagoma kuzimwa mpaka uchomoe plagi.

Jaribio lake ni rahisi. Muombe muuzaji akuruhusu kumwaga kijiko kimoja cha chai cha maji juu ya alama, jiko likiwa limewashwa na sufuria yenye maji juu yake. Kujizima ni sawa. Kutofanya chochote ni sawa pia. Moto ukibadilika wenyewe, rudisha boksini. Kisha futa maji, gusa alama ya kuzima kwa kidole kibichi, na uone kama inasikia mara ya kwanza.

Hesabu pia miguso ya kushuka kutoka moto mkubwa hadi mdogo kabisa. Majiko mengine yanadai miguso saba au minane, kila mmoja na mlio wake, na wakati huo maziwa yameshamwagika. Alama ya kufunga vitufe iwepo, na ukishafunga, alama ya kuzima iendelee kufanya kazi.

Kwenye majiko mengi ya bei nafuu, vihisio ni springi ndogo zinazosukuma kioo kwa chini. Jiko likianguka, springi moja inaweza kuhama na alama yake ikafa. Fundi anaweza kuirudisha. Usifungue mwenyewe, maana ndani kuna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinazobaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

4. Tachi ya kutelezesha kidole

Kwenye kioo kikavu ni ya haraka. Mstari mmoja wa mafuta ukikauka juu yake, moto unarukaruka. Kwa jikoni panapokaangwa samaki kila siku, hapana.

5. Jiko la kuamrishwa kwa simu

Usilipie zaidi kwa hilo.

Kwa wapika ugali kuna kipimo kingine. Jiko la sahani moja lina kioo kidogo, na vitufe vikiwa juu ya kioo hichohicho, sufuria inavifuata unaposonga. Chukua rula, pima kutoka katikati ya duara hadi alama ya karibu. Sufuria ya sentimita 24 inachukua 12 kila upande, na utahitaji angalau 5 za ziada. Isipofika 17, tafuta jiko ambalo vitufe viko kwenye ubao ulioinama mbele, chini ya kioo. Kumbuka pia sumaku: isiponasa chini ya sufuria, indaksheni haitaipasha. Sufuria za alumini za kawaida zinahitaji infraredi, na hapo kioo chenyewe kinapata moto sana, hivyo vitufe vilivyo mbali ni lazima.

Presha kuka ya umeme ni habari nyingine. Unabonyeza mara mbili tatu, unaondoka. Vitufe vya plastiki vinatosha kabisa. Angalia tu kama unaweza kupanga dakika mwenyewe, maana programu za kiwandani hazijui maharage yako ni makavu kiasi gani. Kwa maikrowevu, chagua yenye vifundo viwili vya mekanika, cha moto na cha muda. Ukitaka chini ya dakika mbili, zungusha cha muda hadi kipite mbili, kisha kirudishe.

Tachi ikianza kujigusa yenyewe bila maji, angalia umeme kabla ya kulaumu jiko. Jenereta, inveta za bei rahisi na soketi isiyo na ethi vinaweza kuvuruga vihisio. Wati 2000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, kwa hiyo chomeka moja kwa moja ukutani, usitumie ekstensheni ya waya mwembamba.

Nyumbani kukiwa na mzee au mtu asiyeona vizuri, kioo bapa hakimfai: hawezi kupapasa kutafuta alama bila kuzigusa. Mnunulie la kifundo, na ubandike nukta ya gundi ngumu kwenye sifuri.