Punda kwa mkataba: tathmini ya huduma ya mfugaji mmoja karibu na Mnazi Mmoja, Lindi

Mwezi Juni mwaka jana nilinunua punda jike wa miaka sita hivi kutoka kwa mfugaji ambaye boma lake liko nje kidogo ya Mnazi Mmoja, upande wa barabara iendayo Mtama na Masasi. Nimekaa naye mwaka mzima, tumevuka msimu mmoja wa korosho na masika moja, na sasa ninaweza kuandika kwa uhakika juu ya huduma niliyoipata. Ninachokitathmini hapa ni namna punda huyo anavyouzwa. Mfugaji huyu hamtoi punda bomani bila mkataba wa maandishi unaomkataza mnunuzi kumpeleka machinjioni au kumwuza kwa wanunuzi wa ngozi, na yeye kwa upande wake anajifunga kumpokea tena punda yeyote ambaye mwenyewe ameshindwa kumtunza.

Nina sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Kabla ya huyu nilikuwa na punda dume aliyetubebea maji na magunia ya korosho kwa miaka tisa. Mwaka alioanza kupata kidonda cha mgongoni, mimi nilikuwa ninamuuguza mama yangu, na fedha zote zilikuwa zikiishia kwenye nauli na dawa. Akaja mtu mmoja na gari la mizigo, akasema anakusanya punda wa kwenda kufanya kazi mashambani huko bara, akanipa shilingi 70,000 mkononi. Sikumwuliza jina, sikuandika hata mstari mmoja, wala sikumwita mjumbe ashuhudie. Wiki mbili baadaye kijana aliyesaidia kupakia aliniambia kwamba wale punda hawakufika shamba lolote. Walichinjwa porini usiku, ngozi zikatiwa chumvi na kuchukuliwa, nyama ikaachwa pale pale. Wakati ananieleza hayo, hatamu ya yule punda, ya kamba ya katani niliyoisuka mwenyewe, ilikuwa bado inaning'inia kwenye mwembe uani kwangu. Sijaweza kuitumia kwa mnyama mwingine.

Mfugaji ninayemzungumzia aliingia mkoa wa Lindi pamoja na wale wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu, mabonde ya mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Kabla ya hapo punda walikuwa wachache sana kusini, kwa sababu mbung'o, waenezao ugonjwa wa nagana, hawakuwapa nafasi. Watu wa Mikindani wanaifahamu habari ya David Livingstone, aliyeshuka katika ghuba yao mwaka 1866 akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu (wale wanaozaliwa na punda na farasi) na punda, akitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o katika njia ya Ruvuma. Wengi walikufa safarini, na si kwa mbung'o peke yao, bali pia kwa mateso ya watu waliokabidhiwa kuwachunga. Nilipomtajia mzee huyu mfugaji habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Mwalimu, dawa ya nagana ninayo. Ila punda akishachubuka mgongo, usipobadilisha tandiko, hakuna dawa utakayompaka akapona."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifumbua macho, kwa kuwa punda wangu wa kwanza aliuzwa kwa ajili ya kidonda. Mnunuzi wa ngozi hatafuti punda mzima anayefanya kazi, kwa sababu mwenye punda hatakubali bei ya chini. Anamtafuta yule anayechechemea, aliyekonda, aliyechubuka, ambaye mwenyewe ameanza kumwona kuwa ni mzigo. Kwa hiyo mzee huanza kwa kumchunguza mnunuzi kabla ya kumwonyesha punda. Aliniuliza maji yako wapi na yako mbali kiasi gani, kivuli kipo au hakipo, nani atakayemlisha nikisafiri, na mzigo nitakaompandisha ni wa uzito gani. Siku hiyo alikuwapo mtu mwingine aliyetaka punda wanne kwa mara moja, fedha taslimu, na ambaye hakuwa tayari kusema wanakwenda kufanya kazi gani wala wapi. Mzee alimkaribisha maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba hana punda wa kumwuzia.

Mkataba wenyewe ni karatasi mbili zilizoandikwa kwa kompyuta, kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kukisoma bila kuhitaji mkalimani wa maneno ya kisheria. Ukurasa wa kwanza unamweleza punda: jinsia, umri kwa kadiri ya meno yake, rangi, upana wa ule mstari mweusi unaokatiza mabega na kufanya umbo la msalaba mgongoni, na alama nyingine yoyote. Wa kwangu ana pengo dogo katika sikio la kushoto, mahali alipong'atwa na mbwa akiwa mchanga, na pengo hilo limechorwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Zimebandikwa picha mbili, moja ya kila ubavu. Ukurasa wa pili una masharti, na yaliyo mazito ni machache. Mnunuzi hatamchinja wala kumwuza kwa ajili ya kuchinjwa. Akitaka kumwuza kwa sababu yoyote, atamjulisha mwuzaji kwanza na kumpa siku kumi na nne za kumnunua tena kwa bei iliyokwisha kuandikwa humo. Na punda akifa, mnunuzi atatoa taarifa, na ikiwezekana ofisa mifugo amtazame kabla ya kuzikwa. Tulitia saini mbele ya mtendaji wa kijiji, mashahidi wawili wakiwapo, mhuri ukapigwa kwenye nakala zote tatu. Kibali cha kumsafirisha tulikipata kwa ofisa mifugo siku iyo hiyo, na namba yake ikaandikwa mkatabani.

Wapo watakaouliza kama haya yote yanahitajika kwa mnyama anayebeba madumu ya maji. Mimi nasema yanahitajika, na nina sababu. Ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi inayoitwa ejiao, ambayo nchini China hutumika kama dawa na katika vipodozi na vyakula vya kujenga mwili. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza linakadiria kwamba punda wasiopungua milioni 5.9 huchinjwa kila mwaka duniani kwa ajili ya biashara hiyo. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, mara nyingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja, hivyo hakuna ufugaji unaoweza kuziba pengo la namna hiyo. Hapa kwetu yalikuwapo machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kulijadili suala hili na kutoa wito wa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, na Februari 2024 wakuu wa nchi katika Umoja wa Afrika wakaupitisha uamuzi wa katazo huko Addis Ababa. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha kubwa. Lakini punda wangu wa kwanza hakuchinjwa kwenye machinjio yenye kibali, alichinjwa porini, na katazo la serikali haliwezi kusimama uani kwangu usiku na kumwuliza mtu mwenye gari anakwenda wapi.

Hilo wenzetu wanaofuga farasi wamelipitia kabla yetu. Marekani machinjio matatu ya mwisho ya farasi, mawili Texas na moja Illinois, yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi waliendelea kusafirishwa kwa malori kwenda kuchinjwa Kanada na Meksiko, wakiwamo waliokuwa wa kupandwa na watoto wa nyumbani, ambao wenye farasi hao waliwauza mnadani kwa bei ya kutupa bila kujua nani anawanunua. Ndiyo sababu watu wengi huko wanapomtoa farasi wao huandika mkataba wenye sharti la kupewa nafasi ya kwanza ya kumnunua tena, na huonywa wasimtoe mnyama bure au kwa bei ndogo kwa mtu wasiyemfahamu. Uingereza kila farasi na punda lazima awe na pasipoti yake, na mwenyewe anaweza kutamka humo kwa saini kwamba mnyama huyo hatakuwa chakula cha binadamu. Tamko hilo likishaandikwa halifutwi hata akibadilisha mmiliki. Mzee wa Mnazi Mmoja hajafika huko wala hajasoma habari hizo. Ameyafikia masharti yaleyale kwa kuangalia punda wake mwenyewe wakipotea, na hilo linanifanya niuheshimu mkataba wake zaidi.

Huduma baada ya mauzo ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Bei niliyolipa ilikuwa shilingi 380,000, na ndani yake lilikuwamo tandiko jipya lililoshonwa kwa turubai na kujazwa sufi, lenye mfereji katikati ili uzito ukae juu ya mbavu na usiuguse uti wa mgongo. Mwezi wa pili nilipita mkono chini ya tandiko baada ya kazi, kama nilivyofundishwa, nikakuta sufi imeshikamana na kuwa donge gumu upande wa kulia, na manyoya ya pale yameanza kulala. Nilimpigia simu. Kijana wake alifika kesho yake kwa bodaboda, akafumua mshono, akaichambua sufi kwa vidole mpaka ikawa laini tena, akaongeza nyingine kidogo, akashona. Hakutaka malipo zaidi ya nauli. Mara mbili amekuja kupunguza kwato, na kila mara alimtazama punda mwili mzima, akaandika tarehe kwenye nakala yangu. Sisi tulizoea kusema punda afe mzigo ufike. Katika mwaka huu mmoja nimeona kijana wa miaka ishirini akishusha gunia la korosho mgongoni kwa punda wangu na kusema litapanda la nusu, na mzigo ukafika bila mtu kufa.

Yapo mapungufu, na nimemweleza mwenyewe kabla ya kuyaandika. Kumbukumbu zote za mauzo ziko katika daftari moja la jalada gumu na katika simu ya kijana wake. Daftari likiungua au simu ikipotea, ushahidi wa upande wake umekwisha. Nimemshauri aache nakala ya kila mkataba ofisi ya kijiji anakoishi mnunuzi, maana huko ndiko punda atakakouzwa siku ikifika. La pili ni zito zaidi: mkataba unanifunga mimi, haumfungi atakayenunua kwangu. Ikiwa mzee hatakuwa na fedha ndani ya zile siku kumi na nne, ninaruhusiwa kumwuza kwa mtu mwingine, na mtu huyo halazimiki kusaini chochote. Pangekuwa na mstari mmoja unaonilazimu kumwuzia yule tu atakayekubali masharti haya haya kwa maandishi. Pia bei ya kumrudisha, shilingi 250,000, imeandikwa kwa tarakimu moja isiyobadilika, na kwa punda mzee haitatekelezeka. Kuna na suala la umbali. Mtu wa Nyangao au Mtama atahudumiwa vizuri, lakini jamaa yangu wa Mtwara aliambiwa wazi kwamba kijana hatafika kwake zaidi ya mara moja kwa mwaka, na akashauriwa atafute mtu wa karibu wa kumkatia kwato. Naona hilo ni jibu la kweli, ingawa halikumfurahisha.

Anayetaka kwenda afike asubuhi, kabla punda hawajatoka kuchungwa, akiwa na kitambulisho na shahidi wake mmoja, na asitegemee kurudi na punda siku ya kwanza. Mimi niliambiwa nirudi baada ya siku tano, na katika siku hizo kijana alikuja kuliona banda langu. Bei iko juu ya ile ya mnadani, na mimi nailipa kwa moyo mweupe.

Jambo moja nililiomba siku ya kusaini na nikakubaliwa. Punda akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 30 na zaidi, naye ana sita, ilhali mimi nina 63. Mkataba haukuwa na nafasi ya mrithi. Mtendaji alisoma tena karatasi zote mbili, akasema hakuna kinachozuia, basi mwanangu akaandika jina lake kwa mkono chini ya langu na kutia saini kwamba masharti yatamhusu na yeye. Nilipokwenda mwezi uliopita kuchukua sufi, mzee alinionyesha karatasi mpya alizochapisha. Mstari wa mrithi sasa upo, umeandikwa kwa chapa, chini kabisa ya ukurasa wa pili.