Instagram kwa Fundi wa Milango wa Lamu Anayeanza

Kwa fundi wa Lamu anayetaka milango yake ya nakshi ionekane mbali na mji wa kale, Instagram, iliyozinduliwa mwaka 2010, ni mtandao ninaoupendekeza kwa moyo mkunjufu. Kujisajili ni rahisi: nambari ya simu au barua pepe, jina la akaunti, nywila na tarehe ya kuzaliwa vinatosha. Lililo muhimu zaidi ni kuchagua akaunti ya biashara, ambayo ni ya bure na huonyesha picha zimewafikia watu wangapi. Hadithi (Stories), yaani picha na video za muda mfupi, hutoweka baada ya saa 24. Kwa hiyo mlango uliokamilika, ambao hupendeza mno ukipigwa picha asubuhi kabla jua halijawa kali, uwekwe kwenye ukurasa wenyewe. Linaloniudhi ni kwamba kiungo kinachoandikwa chini ya picha hakifunguki, hivyo anwani ya tovuti ya karakana iwekwe kwenye wasifu, yaani maelezo mafupi yaliyo juu ya ukurasa.