Rust: openssl au rustls?

Kwa programu mpya ya TLS (itifaki ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni), mimi naanza na maktaba ya rustls. Imeandikwa kwa lugha yenyewe ya Rust, ingawa hesabu za usimbaji huachiwa maktaba nyingine, aws-lc-rs au ring, na humo ndani C na asembli bado zipo. Hukubali TLS 1.2 na 1.3 pekee.

Kreti (kifurushi cha msimbo wa Rust) ya openssl ni daraja tu: kazi yenyewe hufanywa na OpenSSL, maktaba ya C. Ndiyo maana kompyuta isiyo na faili zake za .h (vichwa vya C) hugoma kukompaili. Wengi tumekwama hapo. Chaguo la "vendored" huijenga maktaba kutoka msimbo chanzo, lakini utasubiri, na kasoro ya usalama ikizibwa ni juu yako kuijenga programu upya. Ila ukikutana na seva kongwe ya TLS 1.0, rustls haikusaidii.