Michelangelo mzee, British Museum: uzoefu wangu

Anayependa rangi asingeyafurahia maonyesho haya. Yalikuwepo British Museum, London, kuanzia Mei 2 hadi Julai 28, 2024, na kilichojaa humo ni karatasi: michoro ya chaki nyeusi na barua za mzee Michelangelo, mchoraji na mchongaji wa Italia. Mimi yalinikonga moyo.

Yalianzia 1534, alipohamia Roma akiwa na miaka 59, asirudi tena kuishi Florence. Umri wa kustaafu huo! Yeye ndiyo kwanza akakabidhiwa ukuta wa kuchora Hukumu ya Mwisho katika Kikanisa cha Sistine, kilichopo Vatikani. Kwenye michoro yake ya maandalizi miili imepandana, mgongo mmoja umekolezwa msuli kwa msuli, na jirani yake kaachwa mistari mitupu.

Lakini nilikwama kwenye Epifania. Ni mchoro wa kuandalia picha, una urefu wa mita 2.3, umeungwa kwa karatasi 26, na ndio pekee wa aina hiyo uliobaki mzima katika kazi zake. Ukiukaribia unaona alivyobadili mawazo: mistari ya mwanzo bado inaonekana chini ya ile aliyoikubali. Jirani yake walikuwa wameweka picha ya rangi ambayo mwanafunzi wake, Ascanio Condivi, aliichora kwa kuufuata mchoro huohuo. Jamani! Watu ni walewale, wamekaa vilevile, ila uhai hawana. Kwangu hapo ndipo waandaaji walipopatia kweli, maana pengo kati ya mwalimu na mwanafunzi unaliona mwenyewe bila kusoma maelezo yoyote.

Picha za mchoraji Marcello Venusti, naye aliyefuatisha michoro ya bwana huyu, nilizipita haraka. Ni safi mno.

Mwishoni kulikuwa na michoro ya Kristo msalabani, ya miaka yake ya mwisho kabla hajafariki 1564 akiwa na miaka 88. Mistari ya mikono na miguu imerudiwa na kurudiwa, mpaka mwili unaonekana kama una ukungu. Wapo wanaosema ni mkono wa mzee unatetemeka. Huenda, lakini mimi namwona mtu ambaye bado anatafuta.

Taa zilikuwa hafifu, kwa kuwa karatasi za karne ya 16 haziwezi mwanga mkali, kwa hiyo ilibidi kuyapa macho muda yazoee. Aliyeyakosa asikate tamaa: Epifania na mingi ya michoro ile ni mali ya makumbusho hayohayo, na yana chumba cha kutazamia michoro kwa miadi.